Gawio la Hisa: Anza na Miaka Mibaya

Wakamba huipa miaka ya njaa majina. Ile ya 1898 na 1899 ni Ngomanisye. Ya 1984 ni Nikw'a Ngwete, yaani nakufa huku nimeshika, na kilichoshikwa ni pesa: watu walikuwa na noti mkononi lakini nafaka ya kununua haikuwapo. Miaka ya neema haikubatizwa. Mvua ilinyesha, pojo zikaiva, ghala likajaa, basi. Anayetaka kujua kama shamba la Mutomo au la Kathonzweni ni la kutegemewa hatosheki na idadi ya magunia ya mwaka jana. Huuliza lilitoa nini mwaka wa njaa.

Mtu huyo huyo akigeukia hisa, mara nyingi swali hilo hulisahau nyumbani. Simu inamwonyesha orodha ya kampuni za Soko la Hisa la Nairobi, na kando ya kila jina pana asilimia: 4, 7, 13. Jicho linakimbilia kubwa.

Mwongozo huu ni wa msomaji wa Kitui na Makueni, awe mwalimu, mkulima, mwenye duka au mweka hazina wa chama, anayetaka kununua hisa kwa ajili ya gawio, ule mgao wa faida ambao kampuni huwalipa wenye hisa. Vifaa ni vitatu: daftari la mistari, kalamu, na kikokotoo cha simu. Kazi ni kujifunza asilimia ile imetoka wapi, kisha kuisoma pamoja na historia ya malipo ya kampuni, mwaka baada ya mwaka.

Hesabu yenyewe

Asilimia ya gawio hupatikana kwa kuchukua gawio la mwaka mzima la hisa moja, kuligawanya kwa bei ya hisa hiyo sokoni, kisha kuzidisha kwa 100.

Safaricom ni mfano mzuri wa kuanzia kwa kuwa ndiyo hisa iliyoingia katika nyumba nyingi zaidi. Kwa mwaka wa fedha ulioisha Machi 2025, kampuni hiyo ililipa shilingi 1.20 kwa kila hisa. Malipo yalikuja kwa mikupuo miwili: senti 55 kama gawio la muda, halafu senti 65 kama gawio la mwisho. Anayenunua hisa hiyo kwa shilingi 25 atagawanya 1.20 kwa 25 na kupata asilimia 4.8. Anayeinunua kwa 20 atapata asilimia 6. Kwa 30, asilimia 4.

Kuna makosa mawili ambayo wanaoanza hufanya hapa. La kwanza ni kuchukua mkupuo mmoja tu. Tangazo la gazetini linaposema gawio la mwisho ni senti 65, asiyejua kwamba senti 55 zilishalipwa mapema huidharau kampuni bure. Wapo pia wanaojumlisha mkupuo wa mwaka huu na wa mwaka uliopita na kupata jumla isiyo ya mwaka wowote. Dawa ni kuandika mwaka wa fedha kando ya kila malipo. Wa Safaricom huisha Machi, wa KenGen na Kenya Power huisha Juni, wa benki huisha Desemba.

Kosa la pili linatokana na mazoea ya sacco. Sacco ikitangaza asilimia 12 kwa mtaji wa hisa, mwanachama mwenye mtaji wa shilingi 20,000 anajua atapata 2,400 kabla ya kodi. Hisa za sacco hazina bei inayopanda na kushuka kila siku, kwa hiyo asilimia inayotangazwa ndiyo hiyo hiyo anayopata. Kampuni ya soko la hisa hutangaza shilingi na senti kwa hisa, na asilimia mtu hujitafutia mwenyewe kwa bei aliyonunulia. Thamani iliyoandikwa kwenye vitabu vya kampuni haina kazi hapa. Hisa ya Safaricom kwenye vitabu ni senti 5 tu. Atakayepiga hesabu kwa hiyo ataambiwa gawio ni asilimia 2,400, na hakuna anayeuza hisa hiyo kwa senti 5.

Gawio moja, wanahisa watatu

Bei ndiyo inayochezacheza katika hesabu hii. Gawio hubadilika mara moja au mbili kwa mwaka, bei hubadilika kila siku ya soko. Kwa sababu hiyo asilimia inaweza kupanda bila kampuni kuongeza hata senti moja.

Wachukuliwe wanahisa watatu wa mfano. Wa kwanza ni mwalimu wa Wote aliyenunua wakati Safaricom ilipouzwa kwa umma mwaka 2008. Serikali ilitoa hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, zaidi ya watu 800,000 wakaomba, wengine kwa mikopo ya benki, na hisa zikaanza kuuzwa sokoni tarehe 9 Juni. Wa pili ni mfanyabiashara wa Mwingi aliyenunua Agosti 2021, bei ilipokuwa inakaribia 45. Wa tatu ni muuguzi wa Makindu aliyenunua mwishoni mwa 2023, bei ilipokuwa imeanguka hadi kama 14.

Wote watatu walipata shilingi 1.20 kwa hisa katika mwaka ulioisha Machi 2025. Kwa mwalimu, hiyo ni asilimia 24 ya pesa alizotoa. Kwa mfanyabiashara ni asilimia 2.7. Kwa muuguzi ni 8.6.

Namba za mwalimu zinavutia, lakini si namba za kumpa mtu anayenunua leo. Majirani wanaposimulia kwamba hisa fulani inawalipa asilimia 24, wanazungumzia bei ya siku yao. Na hata mwalimu alikuwa na subira ya miaka: muda mfupi baada ya 2008 bei ilishuka chini ya ile 5 aliyonunulia, ikafika kama 3, na wengi waliokuwa na mikopo ya kulipa wakauza wakati huo. Aliyeshikilia tangu mwanzo amepokea magawio ambayo, yakijumlishwa hadi yale ya mwaka ulioisha Machi 2025, yanazidi shilingi 15 kwa hisa kabla ya kodi.

Ya muuguzi nayo yana fundisho lake. Mwishoni mwa 2023 mtu aliyetazama asilimia peke yake angedhani Safaricom imekuwa mkarimu zaidi kuliko 2021. Ukweli ni kwamba gawio lilikuwa limepungua. Bei ndiyo iliyoanguka haraka zaidi. Asilimia kubwa ni kama moshi unaoonekana ng'ambo ya mto: pengine mtu anapika, pengine nyumba inaungua. Lazima mtu avuke akaone.

Kusoma historia ya malipo

Kuvuka huko ni kupanga magawio ya miaka mingi katika safu moja. Safu ya Safaricom inasomeka hivi, kwa miaka ya fedha inayoisha Machi. Mwaka 2009 ililipa senti 10. Mwaka 2012, senti 22. Mwaka 2014, senti 47. Mwaka 2016, senti 76. Mwaka 2018, shilingi 1.10. Mwaka 2020, shilingi 1.40. Hadi hapo ni ngazi inayopanda tu.

Kisha ngazi inainama: 1.37 mwaka 2021, 1.39 mwaka 2022, 1.20 mwaka 2023, na 1.20 tena mwaka 2024 na 2025.

Kila mahali safu inapopinda, msomaji asimame na kuuliza kwa nini. Kwa kushuka hadi 1.20 jibu linajulikana: Ethiopia. Safaricom na washirika wake walipata leseni ya huko mwaka 2021, wakazindua huduma Oktoba 2022, na kujenga mtandao mpya katika nchi kubwa kunakula pesa kwa miaka kabla ya kurudisha. Mwanahisa anayejua hivyo ana swali la kuuliza kila matokeo yanapotoka: hasara ya Ethiopia inapungua au inaongezeka? Asiyejua ana kinyongo tu.

Safu hiyo ina mtego mwingine. Mwaka 2016, juu ya zile senti 76, Safaricom ililipa gawio maalum la senti 68. Mwaka 2019, juu ya shilingi 1.25 za kawaida, ililipa nyingine senti 62. Gawio maalum hulipwa mara moja, kampuni inapojikuta na fedha zaidi ya inazohitaji. Atakayelijumlisha ataona 1.87 kwa 2019, kisha 1.40 kwa 2020, na kulia kwamba gawio limekatwa. Ukweli ni kwamba gawio la kawaida lilipanda. Kwenye daftari, gawio maalum liandikwe kwa wino wa rangi nyingine, kama mkulima wa maembe anavyotenga mwaka ambao mwembe ulizaa kupita kiasi anapopanga karo za mwaka unaofuata.

Miaka ya njaa ya kampuni

Miaka 5 hadi 10 ya safu inatosha kwa kampuni nyingi, mradi ndani yake uwemo angalau mwaka mmoja wa shida. Kwa Kenya mwaka huo si mgumu kuupata, kwa sababu 2020 ilimgusa kila mtu.

Mapema mwaka huo Equity ilitangaza kwamba ingelipa shilingi 2.50 kwa hisa kutokana na faida ya 2019. Korona ikaingia. Mwezi Mei bodi ikaondoa pendekezo hilo, na zaidi ya shilingi bilioni 9 zikabaki benki. Faida ya 2020 nayo haikugawiwa. Kisha malipo yakarudi: shilingi 3 kwa 2021, 4 kwa 2022, 4 kwa 2023, 4.25 kwa 2024. Tukio hilo linafundisha jambo la kisheria ambalo wengi hawalijui. Gawio la mwisho hupendekezwa na bodi na huidhinishwa na wanahisa kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Kabla ya hapo ni pendekezo, na pendekezo linaweza kuondolewa. Asilipe mtu karo kwa pendekezo.

KCB inaonyesha sura nyingine. Kwa mwaka 2023 ilipata faida ya mabilioni, lakini haikulipa gawio lolote. Mwaka uliofuata ikalipa shilingi 3, nusu kama gawio la muda na nusu kama la mwisho. Kwa hiyo faida kwenye gazeti haitoshi kuwa ushahidi kwamba mwanahisa atalipwa. Benki inaweza kuamua kuimarisha mtaji wake kwanza.

East African Breweries, EABL, ina wakulima wengi wanaoijua katika kaunti hizi mbili kwa njia ya mtama, kwa kuwa kampuni yake ya Kenya Breweries hununua mtama mweupe wa kutengenezea bia ya Senator iliyoanza kuuzwa 2004. Mkulima anayeuza mtama huo anaona upande mmoja wa kampuni. Daftari la gawio linaonyesha upande wa pili. Mwaka ulioisha Juni 2020, baa zikiwa zimefungwa, gawio la mwisho halikulipwa. Mwaka ulioisha Juni 2021 halikulipwa lolote. Mwaka 2022 ikalipa shilingi 11, mwaka 2023 shilingi 5.50, mwaka 2024 shilingi 7, mwaka 2025 shilingi 8. Aliyenunua baada ya kuona zile 11, akidhani ndiyo kawaida mpya, alipata nusu yake mwaka mmoja baadaye. Wastani wa miaka minne hiyo, karibu shilingi 7.90, ungempa picha ya kweli zaidi.

Kenya Power iliwanyima wanahisa wa kawaida gawio kwa miaka 6 mfululizo baada ya senti 50 za mwaka ulioisha Juni 2017. Ilirudi na senti 70 kwa mwaka ulioisha Juni 2024. Malipo ya kurudi hivyo huifanya asilimia ya gawio ionekane tamu, hasa bei ikiwa bado chini kutokana na miaka ya ukame. Msomaji mwenye safu ya miaka 10 mbele yake ataona mistari mitupu na kuipa hisa hiyo uzito unaostahili.

KenGen nayo ina bwawa mlangoni: Kiambere, kwenye Mto Tana, mpakani mwa Kitui na Embu. Ni rahisi mtu wa huko kupima hali ya kampuni kwa macho, kwamba mto ukikauka na gawio litakauka. Lakini sehemu kubwa zaidi ya umeme wa KenGen leo hutoka kwenye mvuke wa ardhini, Olkaria, karibu na Naivasha. Gawio lake lilikuwa senti 20 kwa mwaka ulioisha Juni 2022, senti 30 mwaka uliofuata, na senti 65 mwaka 2024. Ripoti ya mwaka ya kampuni itamweleza sababu zake vizuri kuliko kina cha maji.

Gawio linatoka mfuko gani

Baada ya safu ya magawio, ichorwe safu ya pili kando yake: faida kwa kila hisa. Namba hiyo imo katika kila taarifa ya matokeo, karibu na mwisho wa jedwali la mapato. Kugawanya gawio kwa faida hiyo kunaonyesha kampuni imetoa sehemu gani ya ilichovuna na imebakiza kiasi gani kwa mbegu.

Safaricom mwaka 2020 ilipata faida ya kama shilingi 1.84 kwa hisa na kulipa 1.40, yaani asilimia 76. Mwaka 2025 ilipata kama 1.74 na kulipa 1.20, asilimia 69. Pana nafasi ya kupumua.

BAT Kenya, watengenezaji wa sigara, ndio hutajwa mara nyingi na wapenda gawio. Ililipa shilingi 57 kwa hisa kwa mwaka 2022, kisha 50 kwa 2023 na 50 tena kwa 2024. Ikinunuliwa kwa shilingi 400, hiyo ni asilimia 12.5. Namba ya kumfanya mtu atoe akiba yote ya sacco. Lakini faida ya 2024 ilishuka hadi karibu shilingi 45 kwa hisa, na gawio lilikuwa 50. Kampuni ilitoa zaidi ya ilichovuna mwaka huo. Kampuni imara inaweza kufanya hivyo mwaka mmoja kwa akiba yake. Ikiendelea, ghala litaisha, na anayenunua kwa ajili ya ile 12.5 anapaswa kujiuliza gawio lingekuwa kiasi gani kama faida haitapanda.

Mfano mchungu zaidi ni Mumias Sugar. Iliingia sokoni 2001, ikawa kipenzi cha wanahisa wadogo, ikalipa gawio hadi 2012. Mwaka uliofuata ikatangaza hasara, ikafuata hasara nyingine, na 2019 ikawekwa chini ya mrasimu. Bei ilipokuwa ikishuka, asilimia iliyopigwa kwa gawio la mwaka uliopita ilizidi kupanda. Kwenye karatasi hisa hiyo ilikuwa inanona huku ng'ombe mwenyewe anakonda. Hilo ndilo tatizo la asilimia zinazoonyeshwa kwenye programu za simu: nyingi hutumia gawio lililokwisha kulipwa, na gawio hilo halijui kilichotokea baada yake.

Tarehe za kuzingatia

Tangazo la gawio lina tarehe tatu za kunakiliwa. Ya kwanza ni siku ya kutangazwa. Ya pili ni siku ya kufunga daftari la wanahisa: aliyemo siku hiyo analipwa, aliyekosekana halipwi. Ya tatu ni siku ya malipo.

Katika soko la Nairobi, ununuzi hukamilika siku 3 za kazi baada ya biashara kufanyika. Daftari likifungwa Ijumaa, aliyenunua Jumatano amechelewa. Wapo wanaokimbia kununua siku ya mwisho ili wachume gawio na kuuza kesho yake. Hawapati cha bure. Baada ya siku hiyo hisa huuzwa bila gawio, na bei hushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe, huku wakala akikata ada yake wakati wa kununua na wakati wa kuuza.

Kwa mwanahisa wa Safaricom, gawio la muda huja kwa kawaida karibu na mwisho wa Machi, na la mwisho kati ya Agosti na Septemba baada ya mkutano mkuu. Mzazi anaweza kuona jinsi miezi hiyo inavyokaa karibu na muhula wa pili na wa tatu wa shule. Ni jambo la kufurahia, mradi bajeti nzima ya karo isilitegemee gawio hilo.

Kinachofika mfukoni

Kodi ya zuio kwa mkazi wa Kenya ni asilimia 5 ya gawio, na hukatwa kabla ya malipo. Hisa 1,000 za Safaricom kwa shilingi 1.20 ni 1,200. Kodi ni 60. Zinazofika M-Pesa au benki ni 1,140. Asilimia ya 4.8 kwa bei ya 25 inakuwa 4.56 baada ya kodi. Asiye mkazi kwa kawaida hukatwa asilimia 15.

Hesabu hiyo ya baada ya kodi ndiyo ya kulinganishwa na njia nyingine za kuweka pesa. Februari 2024 serikali iliuza dhamana ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46 isiyotozwa kodi. Mbele ya riba hiyo, ile 8.6 ya muuguzi wa Makindu ilionekana ndogo hata kabla ya kodi, na ushindani huo ni sababu mojawapo ya hisa kuuzwa rahisi wakati huo. Lakini riba ya dhamana haiongezeki. Hisa aliyoinunua kwa 14 ilikuwa imevuka 25 kufikia Agosti 2025, na gawio lake aliendelea kulipokea. Angeweza pia kuona kinyume chake, kama mfanyabiashara wa Mwingi. Gawio ni nusu moja ya pato la mwenye hisa. Nusu ya pili ni bei, nayo huenda pande zote mbili.

Kulinganisha na sacco pia kuna faida, lakini kwa uangalifu. Sacco humpa mwanachama kitu ambacho soko la hisa halitoi, haki ya kukopa mara kadhaa ya akiba yake. Soko la hisa nalo humruhusu kuuza siku yoyote ya kazi, ilhali mtaji wa hisa za sacco kwa kawaida hauondolewi, huhamishiwa mwanachama mwingine. Wengi wa Kitui na Makueni wana sababu ya kuwa na vyote viwili.

Ukurasa wa kwanza wa daftari

Hisa hununuliwa kupitia wakala aliyepewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, na huwekwa katika akaunti ya kielektroniki ya hisa iitwayo CDS. Akaunti hufunguliwa kwa kitambulisho, namba ya KRA na maelezo ya benki, na mawakala wengi hufanya kazi hiyo kwa simu, bila safari ya Nairobi. Kabla ya kutuma hata shilingi moja, jina la wakala litafutwe katika orodha ya CMA. Zamani ilimlazimu mnunuzi kuanza na hisa 100. Tangu Agosti 2025 anaweza kununua hata moja, kwa hiyo hakuna haja ya kuharakisha kabla ya daftari kukamilika.

Takwimu zenyewe hazifichwi. Kampuni iliyoorodheshwa hulazimika kutangaza matokeo ya nusu mwaka na ya mwaka mzima, na ripoti zake za miaka iliyopita huwa kwenye tovuti yake, katika sehemu ya wawekezaji. Ripoti chache zinaweza kujaza safu ya miaka 10, kwa sababu nyingi huweka muhtasari wa miaka iliyotangulia.

Kila kampuni ipewe ukurasa wake wenye safu tano: mwaka wa fedha, gawio la kawaida, gawio maalum, faida kwa hisa, na sehemu ya faida iliyogawiwa. Chini ya jedwali iandikwe bei ya leo pamoja na tarehe, kisha asilimia mara mbili: moja kwa gawio la mwisho kulipwa, nyingine kwa wastani wa miaka mitano. Namba hizo mbili zikikaribiana, kampuni imekuwa na mwendo wa kutabirika. Zikiachana mbali, kuna kisa cha kutafuta.

Aliye na hisa za zamani, au aliyerithi za mzazi aliyenunua 2008, aanze na jambo moja zaidi. Magawio mengi hukwama kwa sababu namba ya simu ilibadilika au sanduku la posta lilifungwa, na yakikaa bila mwenyewe hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, UFAA. Kuulizia kunafanywa kwa simu kupitia *361#, na jina likionekana, mamlaka hueleza hati zinazotakiwa. Kwa marehemu, familia huhitaji hati za urithi kutoka mahakamani.

Ukurasani ibaki nafasi pembeni, mkabala na kila mwaka mbaya, ya kuandika jina. Mbele ya Safaricom 2023: Ethiopia. Mbele ya EABL 2021: baa zimefungwa. Mbele ya Kenya Power, mstari mmoja mrefu kutoka 2018 hadi 2023. Na mbele ya Equity, kwenye faida ya 2019, shilingi 2.50 zilizokatwa kwa kalamu, na tarehe: Mei 2020.